Injini Niliyoombwa Nisiimalize

Mama mkwe wangu alipokuja kukaa kwetu Muthangari, mimi nilihama. Sikwenda mbali. Nyuma ya nyumba yetu, ng'ambo ya sinki la zege la kufulia nguo, kuna kijumba cha chumba kimoja ambacho mjenzi wa zamani alikikusudia mtumishi, na ambacho sisi, kwa kukosa mtumishi, tulikijaza baiskeli mbovu, masanduku, na nakala za kitabu changu ambazo hazikununuliwa. Niliyasukuma masanduku ukutani, nikatandika godoro, nikatundika shati kwenye msumari, nikajiona mtu mwenye adabu kupindukia.

Adabu yenyewe ni hii. Kwetu magharibi mwa nchi, mwanamume na mama wa mke wake hawaonani uso kwa uso wakiweza kuepukana. Hawasalimiani kwa mkono. Hawakai chumba kimoja wala hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ni jambo la kusimuliwa kwenye matanga miaka na miaka. Si chuki, ni heshima iliyozidi kipimo. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa, mama mkwe na mimi tulikuwa tumeheshimiana kwa umbali wa mita kumi hivi, na nina hakika ndiyo sababu hatukuwahi kugombana.

Alikuja kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho la kulia na la kushoto, na sukari ilikuwa imepanda kiasi kwamba daktari wa kliniki moja ya macho kule Upper Hill alikataa kumgusa kabla haijashuka. Aje kila Jumanne apimwe, alisema, kwa wiki sita; sukari ikitulia, atalipasua la kulia, ambalo bado lina matumaini. Akirudi nyumbani kabla ya hapo, kwenye chai yake ya vijiko vinne, jicho litakwenda na halitarudi. Mke wangu alinieleza haya akiwa amesimama mlangoni pa kijumba changu, na alipofika kwenye neno "litakwenda" alianza kukunja taulo ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa.

Mama mkwe alikuwa na hesabu nyingine. Wiki ya kwanza haijaisha, nikamsikia kupitia dirisha la jikoni.

"Jumamosi mimi nitaenda."

"Mama, daktari amesema wiki sita."

"Huyo daktari ako na mkwe?"

"Sijui kama ako na mkwe."

"Basi hajui chenye anasema."

Alipotaka nisikie, alisema Kiswahili. Alipotaka nisisikie, alisema lugha ya kwao, ambayo naielewa vizuri tu, ila adabu ilinitaka niwe kiziwi. Kwa njia hiyo nilijua kwamba mfuko wake wa safari ulikuwa haujafunguliwa, na kwamba kila asubuhi aliupapasa kuhakikisha zipu bado imefungwa.

Kuhusu injini, lawama zote ni za msomaji mmoja. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeandika gazetini makala ndefu ya kusifu kazi ya mikono. Nilisema kwamba mkono wa binadamu unafikiri, kwamba taifa lisilojua kutengeneza vitu litatengenezwa na wengine, na mambo mengine ambayo huandikwa na mtu aliyeketi. Msomaji akaniletea mstari mmoja: je, mwandishi mwenyewe amewahi kutengeneza nini? Nilijihesabia kwa unyofu. Rafu moja ya vitabu. Ilianguka.

Chuoni nilisoma fasihi, lakini niliishi chumba kimoja na mwanafunzi wa uhandisi ambaye siku moja, tukisubiri maharagwe yaive, alinieleza injini ya hewa ya moto, nami nikaielewa. Halijawahi kunitokea tena jambo kama hilo. Hewa ikipata moto hutanuka, ikipoa hujikunja. Ifungie ndani ya kopo, lipashe kopo moto chini na ulipoze juu, kisha weka ndani kibonge kinachopanda na kushuka ili hewa ihamehame, mara iende kwenye moto, mara iende kwenye baridi. Ikitanuka inasukuma, ikijikunja inavuta, na gurudumu linazunguka. Hakuna petroli, hakuna cheche, hakuna mlipuko. Ni injini ya mtu mwoga. Nami sasa nilikuwa na chumba changu mwenyewe, alasiri tupu, na swali la msomaji lililokuwa likiniwasha kama upele.

Nilianza kukusanya takataka. Kopo refu la dawa ya mende lilitoka jikoni, baada ya mende. Kibonge nilikifinyanga kwa waya wa kusugulia masufuria. Kiwambo, yaani ile ngozi inayopanda na kushuka kama ya ngoma, nilikikata kutoka kwenye glavu nyembamba ya kliniki, nikakifunga kwenye mdomo wa kiwiko cha bomba la maji. Fundi baiskeli wa Kawangware alinipa spoki tatu na nati zake, wala hakuniuliza ni za nini; nadhani ni kwa huruma. Gurudumu lilitoka Westlands, kwenye ofisi ninakohariri ripoti za mwaka za watu wengine. Kompyuta moja ilikufa, nikaomba maiti, na ndani ya diski yake nikakuta sahani inayong'aa kama kioo, ikizunguka juu ya beringi laini kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Sahani ile ilikuwa imebeba ripoti za miaka mitano. Hatimaye ingefanya kazi.

Risasi ya kulehemu niliifuata katikati ya mji, kwa mzee mmoja wa Pwani mwenye duka la vyuma karibu na River Road na kofia safi kuliko kila kitu dukani.

"Unalehemu nini, bwana?"

"Injini."

"Ya gari?"

"La, ya hewa ya moto."

Alinitazama kuanzia miwani hadi viatu. "Na hiyo itafanya kazi gani?"

"Itazunguka."

"Izunguke iende wapi?"

"Haiendi popote. Inazunguka tu."

"Alaa," alisema, akinifungia risasi kwa kipande cha gazeti. "Kama mwanangu wa tatu."

Kipande kile cha gazeti kilikuwa na nusu ya makala yangu. Sikumwambia.

Wiki ya pili injini ilikuwa na umbo la injini, kwa mtu asiyeangalia sana. Kila alasiri niliketi kwenye kizingiti cha kijumba, nikaiwekea koroboi chini, nikatandaza kitambaa chenye maji baridi juu, nikasukuma gurudumu kwa kidole. Lilizunguka mara mbili, likalia fiii, likasimama. Juu yetu, kwenye magorofa mapya yaliyoizunguka nyumba yetu, jirani mmoja wa ghorofa ya nne alikuwa na desturi ya kunywa chai kwenye roshani saa hiyo. Nilimwona akimwita mtu wa ndani aje aone.

Mama mkwe naye alikuwa akiota jua kwenye stuli nje ya mlango wa jikoni, ng'ambo ya sinki, mgongo ukinielekea kama inavyotakiwa. Mke wangu alikuwa shuleni anakofundisha. Katikati yetu alilala paka wa jirani, wa rangi ya majivu, akijiramba.

"Wewe paka," mama mkwe alisema ghafla. "Huyo mtu wako anatengeneza nini?"

Nilisita. Kisha nikaona hakuna njia nyingine yenye heshima.

"Paka, mwambie mama ni injini."

"Paka, mwambie inapumua pembeni."

"Paka, muulize mama, pembeni wapi?"

"Juu, penye kuna kitu inaingia ndani. Inapiga miluzi. Injini haipigi miluzi, paka. Mwenye anapiga miluzi ni mwanamume hana kazi."

Niliinama nikachunguza. Kweli, juu ya kopo, tundu la kupitishia uzi wa kibonge lilikuwa pana kupita kiasi, kwa sababu nililitoboa kwa msumari wa paa. Hewa yote niliyoipasha moto ilikuwa ikiponyoka hapo.

"Paka," aliendelea, "hata mafuta ya kujipaka yanaweza kuziba hapo. Kidogo tu."

Paka alikuwa ameondoka zamani, amepita chini ya lango. Sikuona haja ya kumwambia.

Ningepaswa kukumbuka ninazungumza na nani. Kwa miaka thelathini mama mkwe aliendesha kinu cha dizeli cha kusaga mahindi kwenye soko moja huko kwetu, na kwa nusu ya miaka hiyo alikuwa mjane, peke yake, unga ukimjaa kwenye kope. Inasemekana wanaume wa sokoni walikuwa wakimletea pikipiki zao azisikilize tu. Yeye hakuwa akizigusa. Alisimama, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbeya, akasema shida iko wapi. Nilikuwa nikizijua habari hizi kwa miaka yote ya ndoa yangu, nami nilizitia kwenye fungu la mambo ya wakwe, ambayo mtu huyasikia kwa heshima na asiyatumie.

Jioni hiyo alimwambia binti yake kwa Kiswahili, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie baba watoto aweke hiyo kitu kwa sinki nishike."

Hatukuweza kupeana kwa mkono, basi sinki likawa forodha yetu. Naiweka injini ukingoni, nakohoa, narudi nyuma ya mlango wangu. Yeye anakuja akipapasa zege, anaichukua, anaketi nayo mapajani. Siku ile aliishika kwa muda mrefu. Vidole vyake vilipita kila mahali, polepole, kama vya mama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Halafu akamwambia mke wangu jambo ambalo lilitushangaza sote wawili.

"Jumamosi siendi. Nataka kwanza nisikie hii kitu ikinguruma."

Baada ya muda mke wangu alikuja kwangu na kikombe cha chai. Alijifanya amekuja na chai.

"Hiyo injini yako itachukua muda gani?"

"Kwa mafuta yale ya kujipaka? Labda wiki moja."

"Bado wiki nne," alisema.

"Za nini?"

"Wewe! Za jicho. Hukusikia? Ikinguruma, anaenda. Usiimalize."

"Unaniomba nishindwe?"

"Kwani itakuwa mara ya kwanza?"

Ndivyo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, uzembe wangu ulivyohitajika kitabibu. Nilikuwa na sifa zote. Nina shahada mbili na siwezi kubadilisha balbu bila kuita mtu. Shida ni kwamba safari hii sikuwa peke yangu kazini.

Mama mkwe alianza kuamka na injini akilini. Alikunywa chai yake bila sukari, jambo ambalo mke wangu alikuwa ameshindwa kumlazimisha kwa machozi, kwa sababu alikuwa na haraka ya kutoka nje kuja kwenye stuli. Jumanne alikwenda kliniki na kurudi akimhadithia paka jinsi lifti ya hospitali inavyohitaji kupakwa grisi. Na kila niliporudi kutoka Westlands nilikuta kosa moja la injini limegunduliwa na linanisubiri sinkini.

Siku moja alizungusha gurudumu kwa kidole, taratibu, kidole kingine kikiwa juu ya kiwambo na kingine kwenye uzi wa kibonge.

"Hawa wanapanda pamoja," alimwambia mke wangu, ambaye siku hiyo alishika zamu ya paka. "Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, wote wainue mchi mara moja, si watapasuana vichwa?"

"Mama anasema..." mke wangu alianza.

"Nimesikia," nilisema nyuma ya mlango. "Muulize basi wapokezane? Mmoja akiwa juu, mwingine chini?"

"Mwambie hapana. Hiyo ni kinu ya wawili. Hapa ahesabu wanawake wanne kwa kinu moja, wakipokezana. Hawa ni wawili wenye wanafuatana. Hao wengine wawili hawakuja."

Niliketi juu ya sanduku la vitabu vyangu. Kitabu cha ufundi nilichokuwa nimeazima kilitumia kurasa mbili na mchoro wa duara wenye mishale kueleza jambo hilo hilo: kibonge kitangulie kiwambo kwa robo ya mzunguko. Nilikuwa nimezisoma kurasa hizo mara nne, nikizipigia mistari. Sasa niliwaona wanawake wanne wamesimama kuzunguka kinu, michi minne ikipanda na kushuka kwa zamu, na nikaona wawili kati yao, jirani na jirani, na nafasi mbili tupu. Nilipochungulia, mke wangu alikuwa akinikazia jicho la kusema: ole wako uelewe. Nilikuwa nimeelewa.

Nilichelewesha kwa mbinu zote za msomi. Nilipima upya. Nilisema gundi haijakauka. Nilisema nahitaji kusoma zaidi, na hilo mama mkwe alilipokea kwa mguno mmoja ambao ulinichoma. Wiki ya nne ikapita, na Jumanne ya tano daktari akasema sukari imetulia vizuri. Jumanne inayofuata atapasua. Tulibakiza siku saba.

"Jumamosi tunaiwasha," mama mkwe alitangaza siku hiyo hiyo. "Jumapili napanda basi."

"Mama, na upasuaji?"

"Si sukari imeshuka? Itakaa chini hata huko nyumbani. Nitarudi siku nyingine wanipasue."

Mke wangu alimjua mama yake. Hakungekuwa na siku nyingine. Kungekuwa na mahindi ya kupanda, halafu ya kupalilia, halafu ya kuvuna, na jicho lingekwenda kati ya kupalilia na kuvuna. Alisimama tu mlangoni akiitazama injini, kisha akanitazama mimi.

Ijumaa alasiri, mama mkwe akiwa anaoga, nilichukua koleo nikafungua nati moja. Ilikuwa ile ya spoki, inayoubana mkono wa kiwambo kwenye mhimili. Ilikuwa ngumu kidogo. Nikadhani ni kutu. Niliitia mfukoni. Kwa mtu aliyepata kuandika kwamba mkono wa binadamu unafikiri, sikutaka kujua wangu ulikuwa ukifikiri nini.

Jumamosi tulikusanyika kwa utaratibu wetu. Yeye kwenye stuli, mgongo kwangu. Mke wangu katikati. Mimi nusu ndani na nusu nje ya kijumba. Jirani wa ghorofa ya nne alikuwa amejitayarisha na kikombe. Niliwasha koroboi, nikalowesha kitambaa, nikangoja kopo lipate moto, nikasukuma gurudumu. Lilizunguka mara moja na nusu. Tak. Mkono ulichomoka, ukaning'inia.

"Aki pole, mama," mke wangu alisema upesi mno. "Imeharibika tena."

"Leteni kwa sinki."

Niliipoza, nikaiweka, nikakohoa, nikarudi nyuma. Alikuja, akaishika. Vidole vilikwenda moja kwa moja kwenye mhimili, vikakaa pale.

"Nati hii haikuanguka," alisema.

Mke wangu aliokota kitambaa cha maji, akaanza kukikunja.

"Alhamisi nilipaka hizi nati zote rangi ya kucha. Ile chupa yako, binti yangu, yenye haionekani ikikauka. Kwa kinu tulikuwa tunapaka ya mabati, ndio zisilegee. Nati yenye imepakwa haitoki yenyewe. Hapa rangi imekatwa na chuma. Na hapa."

Hapo ndipo nilipoelewa ule ugumu.

"Wewe ingia ndani," alimwambia binti yake. Mke wangu aliingia, kitambaa mkononi. Mlango wa jikoni ukafungwa. Nilitazama huku na huku nikimtafuta paka. Hakuwapo.

"Baba," alisema mama mkwe.

Hakuwahi kuniita moja kwa moja tangu nimjue.

"Mama," niliujibu mlango uliokuwa mbele yangu.

"Nilifika hapa, wewe ukatoka kwa nyumba yako. Siku hiyo hiyo."

"Ni heshima, mama."

"Najua ni heshima. Hata mimi nilifundishwa. Lakini mtu akuje, mwenye nyumba atoke, alale na baiskeli, asiseme kitu, huyo mgeni afikirie nini? Si atafikiria anangojewa aende? Kila siku naambiwa daktari amesema kaa. Daktari si mwenye nyumba. Huyu msichana ni wangu, atasema kaa hata kama nalala kwa meza. Ni wewe nilikuwa nangojea. Na wewe umenyamaza wiki tano, sasa unaiba nati."

Nilikuwa nimekihama kitanda changu, nimekohoa kila kona, nimejificha nyuma ya mlango kila alipopita, na wakati wote huo nilijiambia kwamba kila hatua niliyorudi nyuma ilikuwa ikimkaribisha. Yeye alizihesabu hatua hizo kwa masikio, akaona mtu anayekimbizwa nyumbani kwake. Kila mmoja wetu alikuwa akijitahidi kumwondolea mwenzake aibu. Ninaishi kwa kuuza maneno, na kwa wiki tano sikuwa nimepata moja la kumpa mama wa mke wangu.

"Mama, kaa," nilisema. Sauti ilipumua pembeni.

"Mpaka lini?"

"Mpaka daktari..." Nikajikatiza. "Mpaka jicho lione. Na baada ya hapo, ukipenda."

Nilisikia kucha yake ikigonga kopo, tik, tik.

"Haya, hapo sawa," alisema. "Sasa rudisha nati ya watu."

Niliiweka sinkini, nikakohoa. Aliifunga mwenyewe, kwa vidole, bila kuitafuta. Mke wangu alitoka jikoni macho mekundu, akiwa na kiberiti, ishara kwamba mlango ule haukuwahi kufungwa vizuri. Yeye aligeuza mgongo, nasi tukaiwasha hapo hapo ukingoni. Kopo likapata moto. Nilisukuma gurudumu nikaondoa kidole, nikangoja lisimame kama kawaida yake, na halikusimama. Lilikwenda likaongeza mwendo, sahani ya kompyuta ikawa ukungu wa fedha, na kiwambo cha glavu kikaanza kudunda kwa sauti ndogo, laini, tuku tuku tuku, kama moyo wa kuku ukimshika mkononi. Kule juu mtu alipiga makofi.

Bila kugeuka, mama mkwe alisogeza kiganja karibu na injini bila kuigusa, akipokea upepo wake.

"Muulize baba watoto inasaga nini."

"Hewa, mama," nilisema.

"Basi ugali wake utakuwa mwepesi."

Jumapili basi liliondoka bila yeye. Jumanne alipasuliwa, na wiki ikapita akiwa na kitambaa jichoni, akilalamika kwamba tunatembea kama watu wa mazishini. Siku kilipoondolewa alirudi kutoka Upper Hill kwa teksi, akapita moja kwa moja jikoni hadi nyuma ya nyumba, akiwa na miwani myeusi ya hospitali. Nami nilikuwa uani. Sikuwa na muda wa kufika mlangoni pangu. Nikaingia nyuma ya shuka lililokuwa limeanikwa kwenye kamba, nikasimama wima kama nguzo. Yeye aliona, nadhani, viatu vyangu. Aligeuza uso kando kwa adabu.

Aliinama juu ya sinki, akavua miwani. Aliichukua injini ukingoni, akaigeuza huku na huku.

"Hii ndiyo?" alimuuliza mke wangu.

"Ndiyo hiyo, mama."

"Nilidhani ni nzuri."

"Mama!"

"Nani amelehemu hapa?"

"Ni baba watoto."

"Alikuwa anakimbia?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukingo wa sinki. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayepima maneno kabla ya kuyatoa. "Mama, kuna hilo la kushoto pia. Leo daktari ame..."

"Kaa, mama," nilisema nyuma ya shuka.

Halafu nikasikia chuma kikigusana na chuma. Alikuwa ameshaanza kufungua nati, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye zege.

"Nimesikia," alisema. "Leteni hiyo risasi. Hii kazi haiwezi kuachwa hivi."